Hodi ya Pikipiki ya Stima

Krr. Krr. Halafu kimya, na ndani ya kile kimya pumzi ya baba akijikusanya. Kisha teke la tatu, na nyumba nzima ikaanza kutetemeka. Vikombe viligongana kabatini. Kioo cha dirisha kiliimba. Nilikuwa bado nimefumba macho, shuka imenifunika hadi masikioni, na tayari nilijua habari zote za asubuhi: pikipiki ya baba imeamka, kwa hiyo alfajiri imeshaswaliwa, chai iko mezani, na moshi wa petroli uko njiani kuja kunitoa kitandani kupitia dirishani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Sauti ilitangulia, macho yakafuata.

Jioni mambo yalikuwa yayo hayo. Nyumba yetu iko Jomvu Kuu, katikati ya kichochoro kilichopinda kama mkono uliokunjwa, na anayeingia haonekani mpaka awe ameshafika miguuni pa watu. Bibi yangu, mamake baba, alikuwa akiisikia pikipiki ikiacha lami na kuingia mchangani, akasema, "Huyo mwanangu yuwaja. Leo kapata abiria wa haja, sikiliza anavyoikanyaga." Au siku nyingine: "Leo karowa. Mtilieni chai." Hakukosea mara nyingi. Baba alibeba abiria baina ya Jomvu na Magongo tangu kabla sijajua kuandika jina langu, na ile injini ilikuwa jamaa wa nyumbani, mwenye hasira zake na siku zake za furaha.

Kwa hiyo mgongo ulipomshinda baba akaacha kazi ya boda, nami nikapata kazi ya ukarani katika ofisi moja ya mizigo kule Port Reitz, hakuna aliyejiuliza nitakwenda kazini kwa chombo gani. Ufunguo ulikuwa umetundikwa msumarini kando ya mlango. Baba alinionyesha kwa kidevu tu.

"Yakungoja," alisema.

Nikamwambia sitaichukua. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua pikipiki ya stima.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanawe ataoa picha.

"Pikipiki ya stima," alisema polepole, kana kwamba anaonja chumvi. "Na ikikuzimikia pale mlimani Magongo, utaichomeka wapi? Utabisha kwa watu uwaambie, samahanini wenyewe, naomba shimo la ukuta?"

"Na mvua ikinyesha?" Bibi aliuliza kutoka kitandani kwake. "Haitatukaanga?"

Sikuwa na jibu moja kubwa la kuwapa. Nilikuwa na madogo mengi. Kulikuwa na kifua cha Bibi, kilichobana kila asubuhi moshi ulipoingia kabla ya jua. Kulikuwa na bei ya mafuta, ambayo kila ilipopanda wanaume wa kichochoroni kwetu waliijadili kama msiba. Na kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu. Mimi huandika alfajiri, kabla ya kazi, na sentensi nzuri mara nyingi hainimalizikii mezani, hunifuata njiani. Kila nilipoazima pikipiki ya baba, sentensi ile ilikufa kabla sijafika Mikindani. Injini iliitafuna. Nilikuwa nataka chombo kitakachoniacha nisikie.

Nilinunua. Ilikuwa ya buluu, rangi ya karatasi iliyofungia sabuni za zamani, na betri yake ilikuwa imefungiwa chini ya kiti, haitoki bila fundi. Ili ile stima, yaani ichajiwe, ilibidi isimame ukutani petu, waya upite dirishani hadi ukutani ndani. Bibi aliiangalia ikila usiku wa kwanza akasema, "Yanywa stima kama ngamia, na wala haisemi ahsante."

Asubuhi niliipeleka kazini. Pale Magongo, kwenye kituo cha boda, nina rafiki mmoja, mtu wa bara aliyekuja Mombasa kutafuta kazi ya bandari akaishia kwenye pikipiki. Aliponiona alipiga kofi moja likasikika ng'ambo ya barabara.

"Buda! Hii si ni pasi umeiwekea magurudumu?"

"Panda," nikamwambia.

"Nipande aje na haijawaka?"

"Imewaka."

Aliinama akatega sikio kwenye tangi, mahali ambapo tangi lingekuwa, kama daktari anayesikiliza mgonjwa. Wenzake wakaanza kucheka. "Wacha mchezo. Imewaka?" Akapanda. Nilizungusha mkono kidogo, na pikipiki ikatoka mbele ya trela mbili za makontena kama mtu anayeinuka mkekani bila kushika kitu. Nilimshusha mbele kidogo. Alikuwa ametoa macho.

"Maze," alisema, "ni kama kubebwa na jini. Lakini jini poa."

Baada ya kumshusha niliisikia Magongo kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nimepita barabara ile tangu nikikaa mbele ya baba juu ya tangi la petroli, na siku zote niliiona tu, kama mtu anavyoitazama runinga iliyozimwa sauti. Sasa nilisikia cherehani ikikimbia chini ya kibanda. Nilisikia mafuta yakipokea viazi karai vya muuzaji kwa vishindo vidogo. Mwanamke alikuwa akimwita mtu, akarefusha jina hadi likawa wimbo. Mchomelea vyuma alifanya chuma kilie tsss. Kunguru wawili walikuwa wakigombana juu ya waya, na mmoja kwa hakika alikuwa na haki. Nilifika Port Reitz na sentensi yangu ya alfajiri ikiwa nzima. Nilipoiandika nyuma ya bahasha kabla ya kuingia ofisini, mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa, haukuwa na ule mtetemo ambao baba hukaa nao vidoleni hadi adhuhuri.

Nilirudi nyumbani jioni ile kifua mbele. Na ndipo nilipofanya kosa.

Kichochoro chetu, baada ya alasiri, ni cha wanawake. Hakuna aliyeandika popote. Ni hivyo tu. Wanatandika mikeka milangoni, wanasukana, wanachagua mchele, wanatunga asmini, na vichwa viko wazi kwa sababu jua limepungua na waume hawajarudi. Zamani mwanamume aliyerudi alisimama penye kona, akasema hodi, akangoja. Zilipokuja pikipiki, hodi ile ikafa bila mtu kuizika. Injini yenyewe ilitosha. Ikisikika kutoka barabarani, leso zilipanda vichwani kabla gurudumu halijafika konani, na hakuna aliyegundua kwamba kelele ile ilikuwa imeajiriwa kazi ya adabu.

Nilipinda kona bila sauti, nikatokea katikati yao.

"Yallah! Mwanamume!"

"Katoka wapi?"

"Kashuka mbinguni!"

Mmoja alirukia mlango usio wake. Jirani yetu, mke wa fundi cherehani, alikuwa ameketi na nywele zake zote chini, kitana kimechomekwa katikati, na uteo, ule ungo mdogo, wa mbaazi mapajani. Leso yake ilikuwa mbali. Akafanya alichoweza: aliuinua uteo akajifunika nao kichwa. Mbaazi zikamwagika, zikaruka, zikaingia mchangani hadi chini ya magurudumu yangu.

"Usiinue mato, weye!" alinipigia kelele kutoka chini ya uteo wake. "Okota tu!"

Nikapiga magoti nikaokota. Niliokota hadi mwadhini alipoanza, uso wangu karibu na mchanga, huku juu yangu wanawake wakipita na kurudi wakivaa, na kila mmoja akiniachia neno.

Baada ya magharibi Bibi aliniita.

"Labeka, Bibi."

"Keti." Baba alikuwa ameegemea ukuta, kando ya msumari. "Wenzangu wamenituma. Hawana ugomvi nawe, wewe ni mtoto wa hapa. Lakini chombo chako hakina hodi. Chaingia kama mwizi. Ikifika Ijumaa hujapata dawa yake, kisiingie tena kichochoroni. Kilaze huko barabarani."

Nilijua maana yake, na baba alijua kwamba najua. Barabarani hakuna ukuta wa kupitishia waya, na pikipiki inayolala barabarani huamka kwa mtu mwingine. Kuizuia isiingie kichochoroni ilikuwa ni kuniambia niiuze. Baba alinyoosha mkono akauweka sawa ufunguo wake pale msumarini, ingawa ulikuwa haujapinda.

Siku ya pili nilijaribu honi. Nilipofika konani nikaipiga mara mbili, nikaingia taratibu, nikidhani nimetatua. Nyumba ya mwanzo mtoto mchanga aliamka akilia. Bibi alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri.

"Ya babako ilipiga kelele kwa kuwa haikuwa na budi," alisema. "Yako yapiga kelele kwa makusudi. Honi ni amri, mwanangu. Yasema, ondokeni. Mimi siondolewi mlangoni pangu na mjukuu wangu."

Mke wa fundi cherehani, safari hii amejitanda leso mbili, akaongeza, "Na mtoto utambembeleza wewe?"

Nilimweleza rafiki yangu wa Magongo yaliyonipata. Alicheka hadi akashika mgongo wa trela iliyokuwa imesimama. Kisha akawa mtu wa maana.

"Hii ni rahisi. Weka spika. Rekodi mashine ya buda wako kwa simu, ukifika kwa kona unaichezesha. Wamama watajua ni wewe."

Sikuiona kuwa upuuzi. Niliona ni akili tupu. Nilirudi, nikamkuta baba akiifuta pikipiki yake kwa kitambaa, maana alikuwa bado akiifuta na kuiwasha kila jioni isije ikalala mauti, ingawa lile teke lilimwacha ameshika kiuno. Nikamwomba aiwashe. Akauliza ya nini. Nikatoa simu, nikamweleza.

Mkono wake wenye kitambaa ulisimama.

"Wataka sauti yangu," alisema, "hutaki chombo changu."

Nilirudisha simu mfukoni. Nilifikiri atainuka aende zake, lakini aliendelea kufuta pale pale, mahali palipokuwa safi tayari, na aliposema tena alikuwa hanitazami.

"Nimezaliwa kichochoro hiki. Babu yako alirudi hapa kwa miguu siku zote za uhai wake. Hakuwa na honi, hakuwa na spika. Na sijapata kusikia mwanamke aliyejifunika uteo kwa sababu yake." Akakung'uta kitambaa. "Mdomo unao?"

"Ninao."

"Basi."

Kesho yake nilisimama penye kona, nikashuka. Ilikuwa ajabu kwamba jambo dogo kiasi kile lingeweza kunitia haya. Ofisini nazungumza na madereva wa trela, nawapazia sauti juu ya injini zao. Hapa ukuta wa chokaa tu ulikuwa mbele yangu, na paka.

"Hodi," nikasema. Ikatoka nyembamba. Nikajikohoza. "Hodi, wenyewe!"

Vicheko vya ndani vilikatika.

"Hodi ya nani?"

"Ya mjukuu."

"Mjukuu wa nani? Wajukuu ni tele hapa, wengine wamwaga mbaazi za watu."

"Wa mwenye nyumba ya kati."

"Mwenye stima?"

"Mwenye stima."

"Ngoja, twavaa."

Waliniweka pale konani. Walivaa leso zile kama wanaojipamba kwenda harusini. Nilisikia mtu akimwambia mwenzake, "Polepole, ajifunze," na wote wakaangua kicheko, na Bibi, sauti yake naijua, akicheka kuliko wote. Nilisimama na pikipiki yangu ya buluu kama bwana harusi aliyezuiwa mlangoni. Kisha ikaja, ndefu, kwa sauti nyingi:

"Karibuuu!"

Nilipanda nikapita kati yao kwa mwendo wa mtu anayetembea. Haukusikika ila mchanga chini ya gurudumu. Mke wa fundi cherehani alikuwa ameketi pale pale, amejitanda vizuri, uteo mapajani, mbaazi mahali pake.

"Umeona kichwa cha mtu?"

"Nimeona leso tu, mama."

"Basi pita, bwana."

Bibi aliitikia kwa neno moja. "Ewaa."

Ijumaa ilifika, na hakuna aliyeikumbuka. Ilipofika magharibi nilingoja Bibi aniite. Aliniita kweli, nikaenda moyo mkononi, kumbe alitaka nimpandishie utambi wa taa yake ya mafuta. Ni hapo nilipojua kwamba pikipiki imepewa makao.

Tena ikapewa zaidi ya hayo. Siku chache baadaye rafiki yangu wa Magongo alimletea mtu mzigo kichochoroni kwetu. Aliingia na injini yake ikinguruma kama alivyozoea, na nikasikia, nikiwa ndani, sauti ya mke wa fundi cherehani ikipanda juu ya ile injini.

"Zima hiyo! Umeona wapi? Hapa watu wasema hodi!"

Injini ikazimwa. Nikachungulia dirishani. Rafiki yangu alikuwa akirudi nyuma kuelekea konani, anaisukuma pikipiki yake, jasho linamtiririka, na punde nikamsikia akisema hodi kwa lafudhi yake ya bara. Walimrudisha aseme tena, kwa sababu, walimwambia, ile ya kwanza ilikuwa ya kudai deni. Tangu hapo pikipiki za petroli huzimwa konani kwetu. Huingia zikisukumwa, kwa adabu, na wenye kuzisukuma hubisha hodi. Nimeiona kona ile tangu utotoni na sijapata kuiona na heshima kama hiyo. Nami, nisijifiche, hutembea kichochoroni mabega yakiwa yamepanda kidogo, kwa sababu chombo changu kisicho na sauti ndicho kilichowarudishia watu sauti zao.

Asubuhi sasa vikombe havigongani. Bibi hulala hadi jua liguse dirisha, kifua chake kinashuka na kupanda bila kukwama, kisha akiamka hulalamika kwamba hakujua nimeondoka saa ngapi. Kwa hiyo nimejizoeza kusimama dirishani kwake kabla sijatoka.

"Nakwenda, Bibi."

"Enenda salama. Imeshiba?"

"Imeshiba."

Zamani tulikuwa hatusemi hata hayo. Injini ilituagia.

Baba ndiye aliyebaki. Hakuisifu pikipiki yangu wala hakuitukana tena. Ufunguo wangu nao ulikuwa ukilala kwenye msumari ule ule, juu ya wake, na kila nilipouchukua wake ulitikisika kidogo ukagonga ukuta. Niliusikia ule mgongano mdogo kila siku, nao ulinichoma.

Jumapili moja nilikuwa mezani naandika. Baba alitoka chumbani amevaa shati lake la kutokea, kofia yake ya darizi imenyooshwa, viatu vimepigwa rangi. Akasimama mbele ya msumari. Nilijifanya nasoma nilichoandika.

"Yuwenda wapi huyo?" Bibi aliuliza.

"Magongo," alisema baba. "Kuwaamkia wenzangu wa kituoni. Wananambia mwanangu ana jini, na wanataka kuliona."

Tangu mgongo umshinde hakuwa amekwenda Magongo akiwa anaendesha mwenyewe. Mkono wake ulikaa hewani mbele ya zile funguo mbili. Niliacha kujifanya nasoma. Aliushika wake kwanza, akaupima kiganjani, akaurudisha msumarini. Kisha akachukua wangu.

"Hii yako haina teke," alisema, akiutazama ufunguo, si mimi. "Wala haitikisi. Mgongo wangu waweza kufika na kurudi."

"Na ikikuzimikia mlimani?" nikamuuliza.

Hapo ndipo alipogeuka, na nikaona meno yake.

"Nitabisha hodi kwa watu," alisema, "niombe shimo la ukuta."

Alifungua mlango. Mwanga wa kichochoro uliingia hadi kwenye karatasi zangu, pamoja na sauti ya mke wa fundi cherehani akimwuliza anakwenda harusi ya nani, naye akimjibu kwamba ni yake mwenyewe. Mimi na Bibi tulitega masikio, kwa mazoea, tukilingoja teke la tatu. Halikuja. Tulichosikia ni mlango tu, ukifungwa taratibu nyuma yake.